Cheni Haina Tarehe

Hilux za dizeli za zamani, zile za injini za 2L, 3L na 5L, zina taa ndogo kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Gari likifikisha kilomita 100,000 taa inawaka, na mwenye gari anajua kwamba mkanda wa taiming umefika mwisho wake. Hakuna ubishi. Mkanda ni mpira, mpira una umri, na kiwanda kimeuandika umri huo kitabuni.

Cheni haikupewa taa. Injini ya 22R iliyofungwa kwenye Hilux nyingi za petroli za miaka ya 1980, 2TR iliyokuja baadaye ikiwa na kompyuta yake, YD25 ya Nissan Navara, hata GD za dizeli zilizoingia kwenye Hilux mwaka 2015, zote zinakwenda kwa cheni ya chuma inayozunguka ndani ya oili, nyuma ya kifuniko cha mbele ambako jicho halifiki. Mnunuzi huambiwa kwamba cheni ni ya kudumu, asiwe na wasiwasi. Maneno hayo yamewagharimu wengi injini nzima. Cheni nayo inaisha, ila kuisha kwake kunategemea oili iliyomiminwa, mzigo uliobebwa na milima iliyopandwa, kiasi kwamba pikapu mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupishana kwa makumi ya maelfu ya kilomita. Ishara ya kwanza ni sauti, na anayeijua sauti hiyo ni fundi.

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Simsemi kila mwenye spana mfukoni. Namsema yule anayesimama mbele ya boneti iliyo wazi, akasikiliza, na akakataa kulegeza hata boliti moja mpaka ajue anachokitafuta. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya akili sawa na kazi yoyote inayofanyika ofisini kwa tai na kiyoyozi, na mara nyingi inamtaka mtu uaminifu zaidi, kwa sababu anachokiona fundi ndani ya injini hakuna mwingine atakayekiona.

Tuanze na cheni yenyewe. Katika injini ya mipigo minne krankshafti inazunguka mara mbili ndipo kamshafti imalize mzunguko mmoja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kujifunga mara 25 kwa sekunde, huku pistoni ikipanda na kushuka chini yake. Cheni, inayoiunganisha krankshafti na kamshafti, ndiyo inayopanga zamu. Tuseme gia ya chini ina meno 18 na ya juu 36: cheni ikiruka jino moja tu, valvu zimepotea kwa nyuzi 20 za mzunguko wa krankshafti. Gari litawaka kwa taabu, litakosa nguvu mlimani na litakula mafuta. Ikiruka meno zaidi, kwenye injini nyingi za siku hizi pistoni inazikuta valvu bado ziko wazi na kuzipinda kabla dereva hajaondoa mguu kwenye mafuta.

Mafundi husema cheni imevutika. Kinacholika hasa ni pini na bushi za kila kiungo. Pini ikilika na bushi yake kwa 0.02 ya milimita, hakuna rula itakayokuonyesha. Lakini chukua cheni yenye viungo 100: hizo 0.02 zikijumlishwa zinakuwa milimita 2, na cheni iliyoongezeka milimita 2 inaanza kucheza. Masizi na vumbi vilivyomo kwenye oili chafu ndivyo vinavyoisaga, kidogo kidogo, kila mwenye gari anapoahirisha kumwaga oili mpaka mwezi ujao.

Nimewahi kukaa na kutazama kazi hii pale Msamvu, Morogoro, kwenye gereji isiyo na paa wala kibao. Mama mmoja alifika na Hilux ya 22R anayobebea kabichi na karoti kutoka Nyandira, juu kule Mgeta. Gari lilikuwa linapiga kelele asubuhi, likishapata moto linanyamaza. Fundi ni mzee, kwa hiyo mama alianza kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeliwasha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo nimetoka nalo."

"Basi leo sina cha kukuambia. Liache lilale hapa. Kesho tutaliwasha wote, tulisikie likiwa baridi."

Mama hakufurahi. Siku moja bila gari ni mzigo mmoja wa mboga unaoharibika shambani. Fundi mwingine angefungua papo hapo, akataja bei, na mama angeondoka ameridhika kwamba kazi inafanyika. Mzee hakutetereka, na alikuwa na sababu. Cheni hukazwa na tensheni inayosukumwa na presha ya oili. Gari likilala usiku kucha oili inashuka kwenye sampu, tensheni inalegea, na asubuhi cheni inabaki huru mpaka pampu ipandishe oili tena. Sekunde moja au mbili za kelele zinaweza kuvumiliwa. Kelele ikizidi hapo kuna jambo, na jambo hilo huwezi kulipima kwa injini iliyokwishachemka.

Kesho yake mzee aliegemeza mpini wa bisibisi ndefu sikioni, ncha yake akaigusisha kwenye kifuniko cha cheni, akamwashiria kijana wake wa gereji apige stata. Ikatoka sauti kavu, kama kunde zinazopepetwa kwenye ungo. Mzee alihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Ilipopungua akaagiza mafuta yakanyagwe kidogo kisha yaachiwe ghafla, na pale mizunguko ilipokuwa inashuka kelele ikarudi. Kisha akazima, akafungua mkanda wa feni, akawasha tena kwa muda mfupi. Bila mkanda, alteneta na pampu ya maji hazizunguki, kwa hiyo beiringi zao haziwezi kusingiziwa. Kelele ilikuwa palepale. Alisogeza bisibisi kwenye kifuniko cha valvu, akasikiliza, akatikisa kichwa: si valvu zilizolegea. Alikagua eksozi inapoungana na hedi, maana gesi inayovuja pale nayo hutoa mlio unaowadanganya wengi.

Hatua ya mwisho ilinivutia kuliko zote. Alifungua kofia ya distribyuta, akashika boliti ya puli kwa spana na kuizungusha krankshafti mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, macho yakiwa kwenye rota. Spana ilikwenda, rota haikwenda. Ilikwenda tena, ndipo rota ikafuata. Umbali ule kati ya mkono wake na rota ndio ulegevu wa cheni pamoja na gia zake, umepimwa bila kifaa chochote cha bei. Hapo ndipo alipomgeukia mama na kumwambia kwamba injini inafunguliwa.

Hivyo ndivyo ninavyoelewa neno utaalamu. Kubadilisha cheni kunaweza kufundishwa. Kufika kwenye cheni kwa kuziondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, kila moja kwa jaribio lake, huko ndiko kunakomtenga fundi na mpiga ramli. Mpiga ramli atakubadilishia plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na kila mara atakuambia tujaribu hiki. Wewe ndiye unayelipia majaribio.

Injini ile ya 22R ina historia inayoeleza kilichokutwa ndani. Za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu mbili, na zilivumilia sana. Ndani ya miaka ya 1980 hiyohiyo Toyota ikahamia cheni ya safu moja inayoongozwa na vibao vya plastiki. Plastiki inayokaa kwenye oili ya moto miaka mingi inakauka na kuwa dhaifu. Cheni ikianza kupiga, kibao kinavunjika. Kikishavunjika, cheni inaanza kusugua ukuta wa kifuniko, ambao ni wa aluminiamu, na nyuma ya ukuta huo, karibu na pampu ya maji, ndipo maji ya rejeta yanapopita. Ikisugua vya kutosha ukuta unatoboka, maji yanaingia kwenye oili, na beiringi za krankshafti zinaungua. Dereva anadhani gasketi ya hedi imekufa. Fundi asiyejua anabadilisha gasketi, na gari linarudi baada ya wiki likiwa na ugonjwa uleule.

Kuufikia ukuta huo kuna mtego. Kwenye hedi ya 22R, mbele kabisa chini ya gia ya kuendeshea distribyuta, kuna boliti moja ndogo inayoshuka kuingia kwenye kifuniko cha cheni. Imekaa kwenye kidimbwi cha oili, haionekani. Asiyeijua atafungua boliti zote nyingine, kifuniko kitagoma, atatia tindo na nyundo, na aluminiamu itapasuka. Mzee aliifyonza oili kwa kitambaa, akaingiza kidole, akaigusa boliti, kisha akamwita kijana wake aiguse na yeye. Hakusema neno. Kijana aliweka kidole, akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama ataisahau maishani.

Kifuniko kilipotoka, tuliona mfereji umechimbwa kwenye aluminiamu, unang'aa, na ukipitisha ukucha unahisi kingo zake. Ulikuwa bado haujatoboka. Kibao kimoja kilikuwa hakipo. Hapo mafundi wengi husafisha, hufunga vipya na kumaliza. Mzee aliagiza sampu ishushwe pia, kazi ya ziada ambayo mteja asingejua kama imerukwa. Kwenye kichujio cha pampu ya oili vilikutwa vipande vyeusi vya plastiki, vimejibana kwenye wavu. Vikibaki pale, oili inapungua kupanda, na injini yenye cheni mpya inakwama kwa kukosa oili. Tangu siku ile, nikisikia fundi amebadilisha cheni ya 22R, swali langu la kwanza ni kama sampu ilishuka.

Kununua spea ni sehemu ya ufundi huu, na ni sehemu yenye mitego mingi. Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, iwe Kirinyaga Road ya Nairobi ambayo wengi bado wanaiita Grogan, iwe Kisekka kule Kampala, boksi halikuambii ukweli. Fundi mzuri anaitoa cheni kwenye nailoni, anaishika ncha zote mbili kwa ubavu na kuinyoosha mbele yake. Cheni iliyotengenezwa vizuri inabaki karibu imenyooka. Iliyolegea viungo inainama katikati. Anakikunja kila kiungo kwa dole gumba kuona kama kipo kinachogoma. Anahesabu viungo na kuvilinganisha na vya cheni ya zamani aliyokuja nayo. Anadai gia zote mbili, tensheni na vibao, kwa sababu meno yaliyokwisha kuchongoka yataila cheni mpya upesi. Kwa 22R atauliza vibao vyenye mgongo wa chuma, na vinapatikana. Mteja analalamika kwamba cheni peke yake ingekuwa nafuu. Ni kweli ingekuwa nafuu, siku ya kununua.

Kufunga kunaanza kwa pistoni ya silinda ya kwanza kusimama juu kabisa. Cheni mpya ina viungo vichache vilivyotiwa rangi au kung'arishwa, na kila kimoja kinakutanishwa na alama yake kwenye gia. Kwenye injini nyingi tensheni inabanwa kwa pini ndogo mpaka kila kitu kikae, kisha pini inachomolewa na tensheni inaruka kukaza. Halafu inafika hatua ambayo naiona kuwa kipimo cha tabia ya mtu. Fundi anachukua spana na kuizungusha injini kwa mkono, kuelekea upande wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili, polepole, mkono ukiwa tayari kusimama ukigusa kizuizi chochote. Anayeharakisha anaiacha stata ifanye kazi hiyo. Stata haina hisia. Ikikuta pistoni imegusana na valvu itasukuma tu.

Baada ya mizunguko ile miwili kijana alishtuka: viungo vilivyong'arishwa havikuwa tena kwenye alama zake. Alidhani amekosea. Mzee alimwonyesha kwamba alama za gia zimerudi pale pale zinapotakiwa, na hizo ndizo za kutazama; viungo vya cheni huhama kila mzunguko na vitachukua mizunguko mingi kabla ya kukutana tena na alama. Ni jambo dogo lililowahi kuwafanya mafundi wengi wafungue upya kazi iliyokuwa sahihi. Kisha koili ikachomolewa, stata ikapigwa bila gari kuwaka mpaka presha ya oili ikapanda, ndipo injini ikaruhusiwa kunguruma. Ilinguruma bila mkwaruzo.

Wapo wanaosema kompyuta imeumaliza ufundi huu. Sikubaliani nao. Kwenye 2TR yenye VVT-i mashine ya kupimia inaweza kukuletea msimbo wa hitilafu P0016, maana yake krankshafti na kamshafti hazikubaliani. Ni habari muhimu, tena wakati mwingine inakuja mapema kuliko kelele. Lakini mashine haisemi ni kwa nini hazikubaliani. Inaweza kuwa cheni iliyolegea. Inaweza kuwa jino lililorukwa na fundi wa mwisho. Inaweza kuwa oili nzito au chafu iliyoziba kichujio kidogo cha valvu ya VVT-i, kwa kuwa gia ya kamshafti ya injini hiyo inasogezwa na oili yenyewe. Inaweza kuwa sensa, au waya wake uliotafunwa na panya. Anayejua kazi anaanza na kijiti cha oili, anasafisha kichujio, anapima sensa, na kifuniko cha mbele anakigusa mwisho. Ni mpangilio uleule wa bisibisi na mkanda wa feni, kwa vifaa vingine.

Navara za D40 zenye YD25 zinafundisha jambo jingine. Zilitoka na cheni ya safu moja iliyojipatia sifa mbaya kwa kulika mapema, na baadaye ikaja ya safu mbili. Nje huwezi kuzitofautisha kwa jicho. Kwa hiyo anayetaka kununua Navara iliyotumika aende na fundi, na swali la kwanza liwe kama cheni ilishabadilishwa, ikafungwa ipi, na nani aliifunga. Jibu la "sijui" lihesabiwe kuwa haijabadilishwa.

Linaloniuma ni namna tunavyolipa. Mteja wetu anakubali kulipia kitu anachoweza kukishika: cheni, gasketi, lita za oili. Akiambiwa alipie asubuhi nzima ya kusikiliza anaona ameibiwa, hasa ikiwa jibu ni kwamba cheni ni nzima na kilichotakiwa ni oili tu. Matokeo yake tumewafundisha mafundi kwamba ukweli haulipi na kufungua injini kunalipa. Fundi mwenye watoto wa kusomesha, akisikia mkwaruzo wa alteneta, anajua kwamba akisema "ni alteneta" atapata kidogo na akisema "ni injini" atapata kikubwa. Wengi wao wanasema ukweli hata hivyo, na hatujawapa sababu yoyote ya kuendelea kuusema.

Angalau vyeti vimeanza kuwafuata walipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini bila kupita darasani, na nchini Kenya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwapima kwa mitihani ya madaraja. Mzee wa aina niliyoieleza anastahili karatasi hiyo, na kijana wake anastahili kuambiwa kwamba kidole alichokiweka kwenye ile boliti ni elimu inayotambulika.

Kwa upande wako, mwenye pikapu, mwaga oili kwa wakati na weka filta halisi. Ukisikia mkwaruzo asubuhi usizoee. Usiongeze sauti ya redio. Peleka gari kwa fundi jioni, liache lilale kwake, na asubuhi akikuambia alichosikia, mlipe kwa kusikia, hata kama hakufungua boliti.